Galbi-jjim: Mwongozo Kamili wa Kupika Mbavu za Ng'ombe kwa Namna ya Kikorea

Mpishi wa Kikorea anapoandaa galbi-jjim, yaani mbavu za ng'ombe zinazopikwa kwa moto mdogo katika sosi ya soya, kitunguu saumu na tunda la peasi, kazi kubwa huifanya kabla sosi haijaingia sufuriani. Nyama huloweshwa, huchemshwa kidogo na kuoshwa, ndipo mapishi yenyewe yanapoanza, na mara nyingi huachwa ipoe usiku kucha ili mafuta yake yaondolewe. Maelekezo mengi yanayosambaa hufupisha hatua hizo kwa sababu zinakula muda na hazina harufu ya kuvutia, kisha msomaji hushangaa kuona chakula chake kimetoka kizito, kina mafuta yanayoganda mdomoni, na soya imefunika kila ladha nyingine. Mwongozo huu utakaa zaidi kwenye hatua hizo zinazorukwa, na utapita haraka pale ambapo mtu aliyezoea jiko anaweza kujiongoza mwenyewe.

Nchini Korea hiki ni chakula cha sikukuu. Huandaliwa siku ya Seollal, ambayo ni mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na siku ya Chuseok, inayoangukia tarehe 15 ya mwezi wa 8 wa kalenda hiyo hiyo, familia zinapokutana na kuwakumbuka wazee waliotangulia. Enzi za ufalme wa Joseon (1392–1910) ng'ombe alikuwa mnyama wa kulimia, na serikali ilitoa mara kwa mara amri za kukataza asichinjwe ovyo, hivyo sinia la mbavu lilikuwa ishara kwamba siku hiyo si ya kawaida. Hata leo nyama ya hanwoo, ng'ombe wa kienyeji wa Korea, ni ghali, na maboksi ya mbavu huuzwa kama zawadi majuma machache kabla ya sikukuu. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini wapishi wake wana subira kiasi hiki: aliyenunua kitu adimu hataki kukizamisha katika mchuzi mwingi, wala kukila kikiwa na harufu ya damu.

Vipimo vyote vilivyomo humu ni vya kilo 2 za mbavu pamoja na mifupa, ambazo zinatosha watu 5 au 6 wakila na wali.

Nyama

Zinazohitajika ni mbavu nene za sehemu ya mbele, zenye nyama ya tabaka tabaka iliyoshikana vizuri na mfupa. Mbavu nyembamba za ubavuni karibu na tumbo zina mafuta mengi na nyama kidogo, na zikishapikwa kwa saa mbili hubaki mifupa mitupu. Zikatwe vipande vya urefu wa sentimita 5 hadi 6 kufuata mfupa, kila kipande kikiwa na mfupa mmoja tu. Usikubali zikatwe nyembamba kwa kupitisha kisu katikati ya mifupa mitatu au minne, kwa maana mkato huo, ambao Wakorea huuita wa LA, ni wa kuchoma.

Katika bucha nyingi za Afrika Mashariki mbavu hukatwa kwa shoka au panga, jambo linaloacha vijiti vya mfupa ndani ya nyama na kupasua uboho. Ni heri kutafuta bucha yenye msumeno wa mifupa, hata kama iko mbali kidogo. Ukikosa, chukua mbavu ndefu zikiwa nzima na umwombe muuzaji azikate mara chache kwa mapigo makubwa, kisha nyumbani upitishe kidole kila upande wa mfupa kabla ya kuosha.

Mbavu zisipopatikana, muundi na mkia vinafaa kabisa, na Wakorea wenyewe hupika vyote viwili kwa namna hii hii. Muundi huchukua muda unaolingana na mbavu, lakini mkia huhitaji karibu saa moja zaidi. Steki na mapaja yasiyo na utando hayafai, kwani hukauka kabla sosi haijakolea.

Kulowesha, kuchemsha na kumwaga

Weka mbavu katika beseni kubwa na uzifunike kwa maji baridi kwa muda wa saa 1 hadi 2, ukibadilisha maji mara mbili au tatu. Maji ya kwanza yatakuwa mekundu, ya pili yatakuwa na rangi ya waridi, na ya mwisho yatakaribia kuwa meupe. Pamoja na wekundu huo hutoka unga wa mfupa ulioachwa na msumeno, ambao usipoondolewa hufanya sosi iwe na chengachenga. Kwenye miji yenye joto, kama Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, beseni likae ndani ya friji, si juu ya meza. Usitie chumvi wala siki katika maji hayo.

Nyama ikiwa bado inalowa, chemsha maji mengi katika sufuria kubwa pamoja na vipande vichache vya tangawizi na nusu ya kitunguu maji. Maji yakichemka sana, tumbukiza mbavu zote. Yatatulia kwa muda kisha yatachemka tena, na kuanzia hapo hesabu dakika 8. Povu zito la kijivu litapanda juu. Huna haja ya kuliengua kwa sababu maji yote yatamwagwa.

Hapa ndipo wapishi wengi waliolelewa na supu ya mifupa husita, kwani wanaona wanamwaga utamu. Ukweli ni kwamba dakika 8 hazitoshi kutoa utamu wa mfupa. Kinachotoka ni damu iliyoganda, mafuta ya juu juu na harufu ya mnyama. Ukivibakiza, itakubidi utie viungo vingi zaidi ili kuvifunika, na galbi-jjim haina viungo vikali vya kufunikia: haina mdalasini, haina karafuu, haina iliki. Mwaga maji, osha kila kipande chini ya bomba ukisugua mfupa kwa kidole gumba, na uisafishe sufuria yenyewe kabla ya kuirudisha jikoni, kwa kuwa utando wa povu hung'ang'ania ukingoni mwake.

Sasa chukua kisu kikali. Ondoa mafuta magumu ya nje, lakini uache ule utando mweupe unaoshikanisha nyama na mfupa, maana ndio utakaozuia kipande kisivunjike na ndio utakaoipa sosi uzito. Chanja nyama mara mbili au tatu upande wa juu, kina kisizidi nusu ya unene wake, ili sosi ipate njia ya kuingia.

Wako wanaopendelea kukaanga mbavu hadi ziwe za kahawia kabla ya kuzitia majini, kama inavyofanywa katika mapishi ya Kifaransa na katika baadhi ya mikahawa ya kisasa ya Korea. Sishauri. Ukaangaji huleta ladha nzuri ya kuungua, lakini huigeuza sahani hii iwe kitu kingine, na ngozi ngumu inayojitokeza huzuia ulaini unaotafutwa. Rangi ya galbi-jjim hutoka kwenye soya na sukari mwishoni kabisa mwa mapishi.

Sosi na vitu vyake

Sosi ya soya ndiyo nguzo, na ndiyo inayoharibu chakula hiki mara nyingi zaidi kuliko kitu kingine. Tafuta iliyochachushwa kiasili, ambayo kibandiko chake huorodhesha maji, soya, ngano na chumvi, na pengine pombe kidogo ya kuhifadhia. Chupa za Kikorea zenye neno yangjo ni za aina hii. Zile zenye neno guk-ganjang ni za supu, zina chumvi kali zaidi, na vipimo vya humu havizihusu. Sosi nyeusi nzito ya Kichina imekusudiwa zaidi kutia rangi, hivyo kijiko kimoja chake kinaweza kusaidia mwishoni, lakini isichukue nafasi ya sosi ya kawaida. Asiyekula ngano ahakikishe chupa yake imeandikwa kuwa haina ngano, maana nyingi zinayo.

Maelekezo ya Kikorea aghalabu hutaja pia mvinyo wa mchele au mirim, ambayo ni pombe tamu ya kupikia. Nyama ikishaloweshwa na kuchemshwa kama ilivyoelezwa, kazi ya pombe hiyo ya kuondoa harufu imekwisha kufanyika, kwa hiyo Mwislamu au yeyote asiyetumia kilevi ataiacha bila kupoteza kitu cha maana, na aongeze tangawizi kidogo. Ajue tu kwamba uchachushaji wa soya wenyewe hutoa kiasi kidogo cha pombe, na anayejali jambo hilo achague chupa yenye alama ya halali.

Vipimo ni hivi: sosi ya soya mililita 150, ambazo ni vijiko 10 vya chakula, sukari ya kahawia vijiko 3 vya chakula, asali vijiko 2, kitunguu saumu punje 10, tangawizi kipande cha sentimita 3, kitunguu maji kimoja cha wastani, peasi lililomenywa gramu 350, na pilipili manga iliyosagwa nusu kijiko cha chai. Saga peasi, kitunguu maji, saumu na tangawizi mpaka ziwe uji laini, kisha uchanganye na vitu vilivyobaki. Ukitaka sosi inayong'aa kama ya mezani kwa wageni, chuja uji huo kwa kitambaa safi na utumie majimaji yake tu. Kwa chakula cha nyumbani sioni sababu ya kuchuja.

Peasi la Kikorea ni la mviringo, lina maji mengi na hutafunika kama tufaha. Katika maduka yetu huonekana kwa nadra na kwa bei kubwa. Peasi la kawaida lililoiva pamoja na nusu tufaha hutoa karibu ladha ile ile. Husemwa kwamba peasi hulainisha nyama, na ni kweli kwamba lina vimeng'enya vya kuvunja protini, lakini vimeng'enya hivyo hufa maji yakikaribia kuchemka. Katika nyama ya kuchoma inayolowekwa saa kadhaa vina faida kubwa, ila katika sufuria ya saa mbili faida ya peasi ni utamu wake na harufu yake. Kwa sababu hiyo hiyo usitie papai bichi, ambalo mpishi wa pwani hulikimbilia mara anapoandaa mishikaki. Papai lina nguvu nyingi kuliko peasi, na juu ya nyama itakayopikwa kwa muda mrefu huacha tabaka la nje likiwa laini kama uji huku ndani hakujabadilika. Kiwi na nanasi vina tabia hiyo hiyo.

Mafuta ya ufuta hayamo katika orodha hiyo kwa makusudi, kwani huingia mwishoni. Yanayotumiwa Korea hukamuliwa kutoka ufuta uliokaangwa, yana rangi ya kahawia na harufu kali. Mafuta meupe ya ufuta mbichi, yanayokamuliwa katika sehemu nyingi za Tanzania, ni mazuri lakini hayana harufu hiyo. Ukiwa nayo hayo tu, kaanga ufuta vijiko 2 bila mafuta mpaka uwe wa dhahabu, uutwange kwenye kinu kidogo, na uuchanganye na kijiko kimoja cha mafuta hayo.

Moto mdogo

Panga mbavu katika sufuria yenye kitako kizito, mifupa ikielekea chini. Mimina theluthi mbili za sosi na uiweke theluthi iliyobaki kwenye friji. Ongeza maji lita 1, au zaidi kidogo, mpaka yafikie sehemu ya juu ya nyama bila kuifunika kabisa. Chemsha bila mfuniko kwa dakika 10 ukiengua povu lolote jipya, halafu punguza moto hadi uone viputo vichache tu vikipanda pembeni, na ufunike ukiacha uwazi mwembamba.

Sababu ya kugawa sosi ni hii: maji yatapungua kadiri saa zinavyokwenda, na chumvi yote iliyotiwa mwanzoni itabaki katika maji hayo machache. Anayeonja mwanzoni na kuridhika atakuta mwishoni chakula kimekuwa cha chumvi. Kwa hiyo katika hatua hii mchuzi uonekane umepwaya kidogo. Sukari nayo ikiwa nyingi tangu mwanzo huungua chini ya sufuria.

Moto mkubwa hauharakishi kitu. Utando unaoshikanisha nyama na mfupa huanza kulainika na kugeuka ute kwenye joto la kiasi cha nyuzi 70 za Selsiasi na kuendelea, na kinachohitajika hapo ni muda. Nyuzi za nyama zenyewe hufanya kinyume: hujikaza na kukamua maji yake kadiri joto linavyozidi. Sufuria inayochemka kwa fujo hutoa nyama iliyochanika nje na kavu ndani, hata kama imezama kwenye mchuzi. Mwinuko wa mahali nao una neno lake. Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini Nairobi, iliyo juu kiasi cha mita 1,700, huchemka kwa takriban nyuzi 94, na Kigali hali inakaribiana na hiyo. Mpishi wa huko juu aongeze nusu saa na asifikiri bucha imemdanganya.

Nyama ya ng'ombe aliyenenepeshwa, kama inayouzwa katika maduka makubwa ya Ulaya, Marekani au Ghuba, huwa tayari baada ya saa 1 na nusu hadi 2. Nyama ya ng'ombe wa malisho aliyetembea sana huchukua saa 2 na nusu, na pengine 3. Saa ya ukutani hapa ni ya kukisia tu. Angalia mfupa: nyama ikikaribia kuiva hurudi nyuma na kuacha ncha ya mfupa wazi kwa sentimita moja hivi. Kisha choma kwa uma sehemu nene zaidi. Uma ukiingia bila kulazimishwa lakini kipande kikabaki na umbo lake ukikiinua, zima moto, kwa maana bado kuna zaidi ya nusu saa ya kupika pamoja na mboga mbele. Nyama ikianguka kutoka mfupani wakati huu, umechelewa. Italiwa na itakuwa tamu, ila haitapendeza kwenye sinia.

Geuza vipande kila baada ya nusu saa. Maji yakishuka chini ya nusu ya kimo cha nyama kabla haijaiva, ongeza maji moto, si baridi.

Usiku mmoja kwenye friji

Mbavu zina mafuta mengi kuliko zinavyoonekana, na hata baada ya kuyapunguza kwa kisu, bakuli zima la mafuta litayeyukia katika mchuzi. Unaweza kuyaengua kwa upawa yakiwa moto, lakini utaengua na mchuzi wako. Njia bora ni kuacha sufuria ipoe, kuiweka kwenye friji hadi asubuhi, na kuyabandua mafuta yakiwa yameganda kama bamba jeupe. Chini yake utakuta mchuzi umekuwa ute mzito unaotikisika, na huo ndio ushahidi kwamba utando wa nyama umeyeyuka ipasavyo.

Usiiache sufuria kubwa juu ya meza usiku kucha. Hamishia chakula katika vyombo vipana visivyo na kina ili kipoe upesi, na kiingie kwenye friji ndani ya saa 2. Asiye na friji, au aliye na wageni mlangoni, atoe nyama pembeni, aache mchuzi utulie dakika 20 katika chombo kirefu chembamba, kisha aengue mafuta yaliyopanda juu. Matokeo hayatakuwa safi vile, lakini yatatosha.

Kulala huko kuna faida nyingine: ladha huingia ndani zaidi, na siku ya wageni hubaki kazi ya dakika 45 tu.

Mboga na kung'arisha

Siku ya pili andaa figili nyeupe ndefu gramu 400, karoti 2 nene, na uyoga mkavu wa shitake 6 uliolowekwa katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Maji ya kulowekea uyoga yachuje na uyatie kwenye sufuria. Kata figili na karoti vipande vikubwa vinavyokaribiana na mbavu kwa ukubwa, kisha pitisha kisu kwenye kingo zote ili ziwe za mviringo. Kazi hii huonekana kama mapambo matupu, lakini kingo kali ndizo zinazovunjika kwanza na kuuchafua mchuzi. Figili isiachwe kama inapatikana, kwa kuwa hunywa mchuzi na kuwa tamu kuliko nyama yenyewe. Ikikosekana, viazi mbatata vigumu vitajaza nafasi bila kuleta ladha yake, navyo vitiwe dakika 10 baadaye.

Wakorea huongeza chesnati zilizomenywa, njugu za ginko zilizokaangwa, na kunazi kavu nyekundu, ambazo ni jamaa wa karibu wa kunazi zinazookotwa chini ya mikunazi ya pwani yetu. Vitu hivi hupatikana katika maduka ya Kiasia ya Nairobi, Dubai au miji mikubwa ya Ulaya. Badala ya kunazi kavu, tende 3 au 4 zilizotolewa kokwa zinafaa, ila upunguze asali kijiko kimoja. Badala ya chesnati, vipande vya viazi vitamu vile vinavyokuwa vikavu vikiiva hukaribia. Ginko acha tu, hakuna anayeitafuta.

Pasha moto mchuzi na nyama mpaka ute uyeyuke. Tia figili, karoti, uyoga, chesnati na kunazi, pamoja na nusu ya ile sosi iliyohifadhiwa. Funika na uache vitokote kwa moto mdogo dakika 25. Onja. Ikiwa bado kunahitajika chumvi, na hasa kama ng'ombe wako alikuwa mkubwa na mchuzi ni mwingi, tia sosi iliyobaki. La sivyo, ibakize kwa mlo mwingine.

Halafu ondoa mfuniko, ongeza moto uwe wa wastani, na usiondoke jikoni. Kwa dakika 10 hadi 15, chota mchuzi kwa kijiko na uumwagie juu ya nyama tena na tena. Mchuzi utapungua, viputo vitakuwa vikubwa na vya uvivu, na kila kipande kitavaa rangi ya kahawia inayong'aa. Usitie unga wa mahindi ili kuuharakisha, kwani hutoa mng'ao wa uongo na hufifisha ladha. Mboga zikionekana kulegea kabla mchuzi haujawa mzito, zitoe pamoja na nyama, uchemshe mchuzi peke yake, kisha uvirudishe. Galbi-jjim iliyokamilika huwa na mchuzi wa kufunika kitako cha sufuria kwa kimo cha kidole kimoja, si zaidi.

Zima moto, nyunyiza mafuta ya ufuta kijiko 1 na nusu, na ugeuze mara moja kwa upole.

Mezani

Pambo la kale ni jidan: kiini na ute wa yai hutenganishwa, kila kimoja hukaangwa kwenye kikaango kisicho na mafuta mengi, kwa moto mdogo sana ili kisipate madoa, na hukatwa vipande vidogo vyenye umbo la almasi. Manjano na nyeupe hukaa vizuri juu ya kahawia. Mbegu chache za msonobari au ufuta uliokaangwa hukamilisha.

Chakula hiki huliwa na wali mweupe. Mchele wa Kikorea ni mfupi na hushikana, lakini wali wa Kyela au wa Mwea hautamkosea mtu heshima, mradi usitiwe nazi, karafuu wala samli, kwa maana mchuzi una utamu na mafuta ya kutosha. Pembeni kuwe na kitu kikali cha kukata mafuta. Kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Isipokuwapo, tango lililokatwa jembamba, likatiwa siki, chumvi, sukari kidogo na pilipili, linafanya kazi hiyo kuliko kachumbari ya nyanya. Kwa desturi ya Wakorea, mkubwa kwa umri huanza kula kabla ya wengine, jambo ambalo halitamshangaza mtu katika nyumba nyingi za kwetu.

Namna ya Daegu

Maelezo yote ya juu ni ya galbi-jjim ya sikukuu, iliyo tamu na tulivu. Katika mji wa Daegu, mtaa wa Dongin-dong, kuna uchochoro mzima wa mikahawa inayopika mbavu kwa namna nyingine kabisa: saumu kwa wingi, pilipili nyekundu ya unga, mboga hakuna au ni chache, na chakula huletwa katika bakuli jepesi la bati lililobonyeabonyea kwa kutumika. Wali uliobaki huchanganywa katika bakuli hilo hilo ili mchuzi usipotee.

Anayetaka kuijaribu afuate hatua za kulowesha, kuchemsha na kupika kama kawaida, kisha siku ya pili, badala ya mboga, atie saumu iliyotwangwa vijiko 4 vya chakula na gochugaru, yaani pilipili ya unga ya Kikorea, vijiko 3, na apunguze asali kwa nusu. Saumu iingie dakika 10 tu kabla ya kuzima ili ukali wake ubaki. Gochugaru si kali sana na ina utamu wake, kwa hiyo pilipili kichaa ya unga haiwezi kuwekwa kwa kipimo kile kile. Tumia pilipili hoho nyekundu iliyokaushwa na kusagwa vijiko 2, na pilipili kali kwa ncha ya kijiko.

Sufuria ya presha na jiko la mkaa

Sufuria ya presha hupunguza saa 2 hadi dakika 35 au 40 kuanzia inapoanza kulia, na maji yapungue hadi mililita 600 kwa sababu hayapotei. Iache ishuke presha yenyewe, kwani ukiitoa ghafla nyama hujikaza. Mboga zisiingie kabisa katika hatua ya presha. Zipikwe baadaye, sufuria ikiwa wazi. Mpishi wa miinuko atanufaika zaidi na chombo hiki kuliko yule wa pwani.

Jiko la mkaa linafaa sana kwa kazi hii, pengine kuliko gesi, mradi ujue kulipoza. Mkaa ukishashika, funika sehemu yake kwa majivu na ufunge mlango wa chini hadi ubaki uwazi wa kidole. Moto wa namna hiyo hukaa saa nyingi bila kuchochewa.

Kuhifadhi

Kwenye friji, galbi-jjim hukaa siku 3 hadi 4. Kwenye friza hukaa miezi 2 au 3, lakini figili na viazi viondolewe kwanza kwa sababu vikiyeyuka huwa kama sifongo. Pasha kwa moto mdogo na kijiko kimoja au viwili vya maji, ukifunika, hadi ichemke kabisa. Ikiwa imebaki nyama ya watu wawili tu, ichambue kutoka mfupani, uikate ndogo, na uikaange na wali uliolala pamoja na mchuzi wake na vitunguu vya majani. Mifupa isitupwe kabla ya hapo, maana ikichemshwa saa moja na figili hutoa supu nyepesi ya asubuhi, ambayo haihitaji kuongezwa chumvi.